Baiskeli ya Mpima Mvua

2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu juzi alasiri: tak. Mdogo tu, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Kabla ya mlio huo nilikuwa nimehangaika siku mbili na mota iliyofanya kazi inapotaka yenyewe. Baada yake, mota haikukatika tena hata mara moja. Nimezunguka uwanja wa nyuma mizunguko arobaini. Baba alisema atahesabu, akafika kumi, akasinzia kitini.

Basi baiskeli yako inakuja na lori la maziwa, ndani ya sanduku la mbao, usukani umelegezwa na kugeuzwa pembeni. Yule fundi wako wa sokoni ataurudisha kwa spana moja. Usimwache afanye zaidi ya hapo.

Nikueleze nilichofanya, maana najua utauliza. Mota hii haikai kwenye gurudumu. Inakaa katikati, pale mikono ya pedali inapokutana. Niling'oa mikono yote miwili, nikatoa ekseli ya zamani na beringi zake (moja ilikuwa imeliwa na kutu kama jino bovu), kisha nikapitisha mota kwenye tundu lilelile na kuikaza kwa nati mbili kubwa. Nimebadilisha na vishikio vya breki, nikakata nyaya mpya. Faida ya mota kukaa katikati ni kwamba inatumia giya zako mwenyewe: ukiweka giya nyepesi mlimani, na yenyewe inapata wepesi huohuo. Hutapanda kama mwenye pikipiki. Utapiga pedali kama kawaida, ila itakuwa kana kwamba kuna mtu nyuma amekuwekea kiganja mgongoni, anakusukuma.

Siku ya kwanza iliwaka, nikapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Siku ya pili ikaanza kunikatikia. Inasukuma, inakufa, inahesabu moja mbili, inafufuka. Nilipima betri. Nilipima waya mmoja mmoja kwa mita ya umeme. Nikasogeza ile sumaku ya kwenye spoku karibu na kihisi chake mpaka ikabaki nafasi nyembamba ya ukucha. Bado. Kisha nikapata.

Nimeambatanisha karatasi ya vipimo. Viko kumi na viwili, na kila kimoja nimekiwekea alama ya vema: betri, taa, giya, nati, breki kukata mota, vyote. Nimesaini chini. Mwonyeshe Bwana Mkaguzi akija.

Barua ya ofisi ya mvua uliyonitumia nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Vituo vitatu visomwe kabla ya saa nne asubuhi, na asiyeweza ampishe mwingine. Magoti yako yamepanda mlima huo miaka kumi na tisa, Shangazi. Nataka akija huyo mkaguzi akukute kituo cha tatu umeshamaliza, unapiga miayo.

Na mimi nina mwaka na nusu tangu nimalize chuo. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokitengeneza kikatoka nje ya chumba hiki.

Msomi wako

* * *

9 Machi

Msomi wangu,

Marahaba, mwanangu. Nimefika kituo cha tatu saa tatu na dakika kumi. Nalirudia kwa sababu hata pale juu nililirudia kwa sauti, peke yangu, mbele ya kipimamvua: saa tatu na dakika kumi! Zamani saa hiyo ningekuwa nimekaa kwenye jiwe la kituo cha pili nayabembeleza magoti kama watoto wenye homa. Jana wale wanafunzi wa shule ya bondeni walinikimbilia nyuma wakipiga kelele, "Mama Mvua ana injini! Mama Mvua ana injini!" Nikawaambia ninayo tangu kuzaliwa, sema leo ndiyo imetiwa mafuta.

Bwana Mkaguzi alikuja Alhamisi. Alipanda kwa gari mpaka barabara inapoishia, akamalizia kwa miguu, akafika anahema. Mimi nilikuwa nimeshajaza daftari. Aliisoma karatasi yako ya vipimo kuanzia juu mpaka chini, akasema angependa kumjua huyo mhandisi. Nikamwambia namjua tangu anakojoa kitandani.

Fundi Spoku anakusalimu. Unamkumbuka, yule mrefu, mwembamba, amenyooka kama jina lake. Alipofungua sanduku aliizunguka baiskeli mikono ikiwa nyuma, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Kisha akasema, "Mama Mvua, huyu mtoto ana mikono." Nikamwambia ana shahada. Akasema, "Hiyo siioni. Mikono naiona."

Kuna jambo aliliuliza. Chini ya usukani kuna nyaya mbili ndogo zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi, hazikuchomekwa popote, na soketi zake ziko wazi palepale karibu. Alitaka kuzichomeka. Nikampiga kofi la mkononi. Nikamwonyesha karatasi yako: kumi na viwili, vyote vimepimwa, saini hii hapa. Akaisoma polepole, akasema, "Basi mwenyewe anajua." Lakini nakuuliza kwa niaba yake, maana ataniua kwa maswali. Ni za nini?

Na hili ni langu mwenyewe. Kwenye barua yako, baada ya maneno "Kisha nikapata," kuna mstari mzima umeufuta kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Umesahau? Likizo tatu ulikaa kwangu ukinishikia daftari la mvua. Ukikosea kipimo unapiga mstari mmoja tu juu yake, unaandika kilicho sahihi hapo juu, unatia saini. Kile cha chini lazima kisomeke. Na siku usipofika kituoni unaweka kistari, huandiki ulichokisia. Ulikuwa na miaka tisa, ukaniuliza, "Kwa nini tusifute tu, Shangazi, daftari likae safi?" Nami nilikujibu kitu, lakini nimekisahau. Wewe kichwa chako bado kipya, utakuwa unakikumbuka.

Shangazi yako,
Mpima Mvua

* * *

14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea baba kwa sauti, akaomba nirudie pale pa saa tatu na dakika kumi. Sasa anamsimulia kila anayepita mbele ya nyumba. Jana kamsimamisha mtu aliyekuja kuuliza njia, akamweleza mota ya katikati ni nini, akakosea kila kitu, na yule mtu akaondoka bila kuambiwa njia.

Ule mstari nilikuwa nimerudia sentensi. Nilikuwa nimechoka.

Zile nyaya mbili ni za akiba. Mwambie fundi asiziguse, anaweza kuunguza kitu. Nitakutumia kidude kimoja kidogo cha kuweka pale, lakini hakuna haraka.

Jambo jingine dogo. Unapoteremka, acha kupiga pedali mapema, kabla hujashika breki. Hesabu moja, mbili, ndipo ushike. Ni mazoea mazuri tu kwa baiskeli za aina hii.

Sikumbuki ulinijibu nini.

Msomi

* * *

29 Machi

Msomi,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Usicheke herufi.

Nilianguka Jumanne. Lile daraja la mbao chini ya kituo cha pili. Mbao zilikuwa na maji. Nilishika breki huku miguu bado inazunguka. Nilisahau moja mbili yako. Yule mtu wako wa mgongoni hakuniachia. Aliendelea kunisukuma kama mwenye haraka zake. Nikatoka darajani pamoja naye.

Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Uso ni mzima. Haukuwa na la kupoteza hata hivyo.

Daftari linasoma hivi. Kituo cha tatu nilikuwa nimekimaliza kwanza siku hiyo: milimita kumi na nne. Cha pili: kumi na moja. Cha kwanza: kistari. Kistari changu cha kwanza katika miaka kumi na tisa. Kilinichukua muda mrefu kukichora kuliko barua hii.

Sasa Mwalimu wa shule ya bondeni ananisindikiza asubuhi. Tunakwenda kwa miguu. Tunachelewa.

Bwana Mkaguzi alikuja. Anasema ni moja kati ya tatu. Mashine, au fundi, au mzee. Mzee ni mimi. Anataka karatasi kutoka kwako. Je, ilipotoka kwako breki zilikata mota? Iandike, usaini, umpelekee mwenyewe. Najua ni kazi ndogo kwako.

Watu hawakungoja karatasi. Wameshamchagua fundi, kwa kuwa ndiye aliyeigusa mwisho. Wanaondoa baiskeli zao bandani kwake, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Kuna aliyesema mke wake anaihitaji. Hana mke.

Naona aibu kukuambia hili. Nami nimemshuku. Nilimkataza asiguse zile nyaya, lakini unamjua, mikono yake haitulii. Alikuja kuniona. Sikufungua. Nilimsikia nje akisafisha koo. Akasafisha tena. Kisha akaondoka.

Mkono umechoka.

Shangazi

* * *

4 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo na pole. Pole sana. Nimeandika pole mpaka ukurasa ukajaa, nikautupa, nikaanza upya.

Ningekuja, lakini nina usaili wa kazi Ijumaa, na Jumatatu labda wataniita tena. Mama ametuma kitambaa cha kufungia mkono. Baba hasimulii tena watu, anakaa tu.

Karatasi nimempelekea Bwana Mkaguzi. Nimeandika: "Baiskeli ilipimwa kabla ya kutumwa." Na saini.

Nadhani ni zile mbao. Mbao zenye maji zinaweza kumwangusha mtu yeyote, kwa baiskeli yoyote. Sidhani watu wana haki ya kumlaumu fundi. Lakini mimi siko huko, siwezi kujua.

Pona haraka.

Mimi

* * *

16 Aprili

Kwa Binti Msomi,

Salamu nyingi. Hatujapata kuzungumza, ila mikono yako naijua, kwa hiyo si wageni kabisa.

Baiskeli ya shangazi yako ililetwa bandani kwangu siku ya ajali kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuiweka, nayo imebaki. Nafasi ninayo. Zamani banda lilijaa mpaka nikawa natengenezea nyingine nje. Sasa nimebaki na hii yenu na toroli moja la mwashi, na la mwashi limebaki kwa kuwa amelisahau.

Mtu asiye na kazi huangalia vitu. Nilizifuata zile nyaya mbili kwa kidole mpaka mwisho wake. Zinaishia ndani ya vishikio vya breki, mmoja kulia, mmoja kushoto. Nikachomeka wa kulia. Nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikazungusha pedali kwa mkono. Mota ikashika, ikakatika, ikashika, ikakatika. Nikacheka peke yangu bandani. Nikasema, aa, kumbe hiki ndicho kilichomtesa mtoto wa watu.

Kihisi kilichomo ndani ya kishikio ni kizima. Tatizo ni kishikio chenyewe. Ukikiachia hakirudi mpaka mwisho, kinabakiza upana wa punje ya mchele. Kinabakiza kwa sababu lile ganda linalopitisha waya wa breki limekatwa refu kwa vidole viwili, linajikunja chini ya usukani na kuubana waya ndani. Basi mota inadhani mtu ameshika breki, inakaa kimya. Baiskeli ikitikisika kidogo kishikio kinarudi, mota inaamka. Ni mota yenye adabu, inatii kila inachoambiwa. Nimekata vidole viwili, nimetia tone la mafuta. Ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Sasa ukigusa breki inanyamaza papo hapo, ukiachia inarudi, haikatiki tena.

Wewe ulipima umeme wote, naona alama za mita yako kila mahali. Kile kishikio hukukivuta, ukakiachia, ukakitazama.

Karatasi yako ya pili nilisomewa ofisini. "Baiskeli ilipimwa kabla ya kutumwa." Bwana Mkaguzi alipomaliza kusoma alinitazama mimi, kisha akamtazama shangazi yako na bandeji yake. Akasema kwa kuwa mashine ni safi, wamebaki wawili, na hana haja ya kuchagua. Shangazi yako atarudisha daftari na bilauri ya vipimo mwisho wa mwezi huu. Mimi nisiguse tena chombo chochote cha ofisi. Sikuwa nagusa vingi, pampu mbili tu, ila yalisemwa mbele za watu. Shangazi yako alinyanyuka. Alishuka ngazi akishika ukuta.

Nilichokiona kwenye nyaya sijamwambia. Nilisafisha koo mlangoni kwake siku moja, imetosha. Tena maneno haya yakitoka kwangu yatakuwa maneno ya mshtakiwa. Wewe ni mtoto wake. Mimi ni fundi wa sokoni.

Swali langu ni la kazi. Waya wa kulia nimeuchomeka. Wa kushoto nao niuchomeke, au kuna sababu uliyoiona wewe ambayo mimi siioni? Sipendi kugusa kazi ya mtu kabla ya kumuuliza.

Fundi Spoku

* * *

21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii sikumpa dereva wa lori. Ukisikia mtu anasafisha koo nje ya mlango wako, safari hii si fundi, ni mimi. Usipofungua nitaipitisha chini ya mlango, nitakaa kwenye kizingiti. Nimeiandika kwa sababu nikifungua mdomo mbele yako nitaanza kujitetea. Najijua.

Ule mlio niliokuandikia kwa majivuno, tak, ulikuwa wa soketi ya breki nikiichomoa. Nilichomoa ya kulia, mota ikaacha kukatika. Nikachomoa na ya kushoto, ili nilale kwa amani. Breki zenyewe ziliendelea kushika magurudumu, lakini hazikuwa tena na namna ya kuiambia mota inyamaze. Nilijua hivyo wakati ule ule. Hakuna aliyenificha. Nilisomea.

Nikajiambia kihisi cha breki ni kibovu, nitaagiza kingine, nitakituma. Lori lilikuwa linaondoka kesho yake na nilikuwa nimekuahidi baiskeli kabla ya mvua kubwa. Kisha nikakaa kuandika karatasi ya vipimo. Cha tisa ni "breki kukata mota." Niliweka alama ya vema kwa kalamu ileile na mkono uleule niliotumia kwa vile vinane vya kwanza. Nimeitazama tena alama ile. Haina tofauti na nyingine. Nilitegemea angalau itakuwa imepinda kidogo.

Ule mstari nilioufuta sikuwa nimerudia sentensi. Niliandika hivi: "Nimechomoa nyaya za breki kwa muda, kwa hiyo usishike breki huku unapiga pedali mpaka nikutumie kihisi kipya." Nikausoma, nikakumbuka kwamba barua zangu unazisoma kwa sauti sokoni, na kwamba Fundi Spoku atakuwa amesimama hapo na spana yake. Niliona aibu fundi wa sokoni ajue kwamba mwenye shahada ametuma kazi nusu. Ndiyo maana niliufuta mpaka karatasi ikatoboka. Kama ningeukata kwa mstari mmoja tu, kama ulivyonifundisha, ungeusoma, na daraja lile ungelivuka kwa miguu.

Ulipouliza kuhusu nyaya, nilikuwa na nafasi ya pili. Nilikaa na barua yako siku tatu. Nikaandika "ni za akiba." Tena nikaongeza kwamba fundi anaweza kuunguza kitu. Yeye alitaka kuzichomeka, Shangazi. Kama angezichomeka, mota ingekatikakatika tu, ungeniandikia kwa hasira, na ungekuwa mzima. Wewe ulimkataza kwa sababu ya saini yangu, nami nikamkataza kwa mara ya pili. Hakuzigusa hata siku moja kabla hujaanguka. Ulimfungia mlango mtu pekee aliyeona.

Halafu ile "moja, mbili." Nilikupa onyo nikalivika nguo za nasaha, ili ukianguka niweze kusema nilikuambia. Nilipofikiri hivyo mara ya kwanza nilikuwa naosha vyombo, nikaacha maji yakamwagika mpaka mama akauliza kama nimekufa nimesimama.

Hapakuwa na usaili Ijumaa. Hapakuwa na usaili Jumatatu.

Karatasi niliyompelekea Bwana Mkaguzi ilisema "ilipimwa," na nilijipongeza kwa neno hilo kwa sababu si uongo. Ilipimwa kweli. Sikuandika kilichoonekana. Tarehe kumi na tatu alinijibu. Kwa kuwa mashine imethibitika ni salama, ofisi inaniomba nitengeneze nyingine sita, za wapimaji wa milima mingine. Baba aliisoma kabla yangu. Alinyanyuka kitini akanishika mabega, akaenda tena barabarani kusimamisha watu. Barua ya kazi niliyoingojea mwaka na nusu, Shangazi, imeandikwa juu ya mkono wako. Niliiweka chini ya mto. Siku tano baadaye ilifika ya Fundi Spoku.

Niliifungua nikitegemea matusi. Nilijiandaa hata na majibu. Badala yake alinionyesha kosa langu, vidole viwili vya ganda la waya, mahali ambapo mita haifiki na jicho linafika, kisha akaniuliza kama auchomeke na wa kushoto. Akaniomba ruhusa. Nilikaa chini, sakafuni, kati ya beringi zako kuukuu. Nimewahi kutukanwa, haikuniingia namna ile.

Juzi nilimwambia baba kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia yake. Akauliza, "Shangazi yako anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Sasa unaniambia mimi wa nini?" Nikapanda lori asubuhi yake.

Jana nimekwenda ofisi ya mvua. Niliomba karatasi zangu mbili. Bwana Mkaguzi alidhani nimekuja kuhusu zile sita, akaniagizia kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, kwa mpangilio niliokuandikia hapa, pamoja na jina la aliyelipata kosa na kulitengeneza. Aliuliza, "Binti, unajua hizi sita zinakwenda wapi sasa?" Nikasema najua. Akalifungua faili. Kisha, nadhani kwa kunihurumia, akatoa karatasi nyeupe, akasema niandike maelezo mapya, zile za zamani atazichana, faili likae safi.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulichonijibu nikiwa na miaka tisa. Ulikuwa umechuchumaa mbele ya kipimamvua cha kituo cha pili, hukunitazama hata, ulikuwa unasoma bilauri. Ulisema, "Kwa sababu mvua ilishanyesha."

Karatasi nyeupe nimeikataa. Kwenye ile ya kwanza, kipimo cha tisa, nimepiga mstari mmoja juu ya alama ya vema, nikaandika "haikupimwa; nyaya zilichomolewa na mimi," tarehe, saini. Kwenye ile ya pili, mstari mmoja juu ya "ilipimwa," nikaandika "ilionekana mbovu, ikatumwa." Tarehe, saini. Nimemwambia aache daftari na bilauri mikononi mwako au anipe jibu la maandishi kwa nini hapana. Hajajibu. Amesema atapeleka juu. Sijui watakuamulia nini, na sitakudanganya kwamba najua.

Leo asubuhi nilikwenda bandani kwa Fundi Spoku. Nilimwambia waya wa kushoto nao uchomekwe, hapakuwa na sababu yoyote. Akauchomeka. Tak, uleule, ila safari hii ulikuwa wa kuingia. Kisha nikamwomba niandike nakala ya karatasi ya vipimo, makosa yake na mistari yake, niibandike mlangoni kwake wanapopita watu wote walioondoa baiskeli zao. Akaisoma polepole kama alivyosoma ya kwanza. Nilimuuliza kama ana msumari. Akaniletea minne, akasema upepo wa hapa unajua kuiba.

Nimeipigilia saa mbili na nusu. Yule asiye na mke alisimama akaisoma mara mbili, kisha akanitazama, nami sikuangalia pembeni. Nimeiandika kwa herufi kubwa. Alama ya vema iko chini ya mstari wake, "haikupimwa" iko juu, na jina langu pembeni. Nimetembea mpaka ng'ambo ya barabara kuhakikisha. Vyote vinasomeka.

Mtoto wa kaka yako